Narudi Vipi? Historia ya Kidole na Kioo, Kutoka Garissa Hadi Mandera

Jua ni lile lile, na maji ya mto Tana bado yana rangi ya chai ya maziwa. Leo nimeweka msimbo kando, nataka tuzungumze historia. Lakini kwanza niwasimulie aibu yangu.

Si zamani sana niliandika programu ndogo ya simu kwa ajili ya wafanyabiashara wa mifugo. Kama hujawahi kufika, Garissa ina soko la mifugo ambalo ni miongoni mwa makubwa zaidi Kenya. Ng'ombe huswagwa au huletwa kwa malori kutoka pembe zote za Kaskazini Mashariki na hata kutoka Somalia, kisha husafirishwa kwenda Nairobi na Mombasa. Kazi ya programu yangu ilikuwa kuhesabu tu: umenunua wangapi, umeuza wangapi, nani hajakulipa. Nilijivunia sana. Kurasa tatu tu, vitufe vikubwa, picha ya mbuzi, picha ya ng'ombe, picha ya ngamia. Niliona kwamba hata mtu asiyejua kusoma angeweza kuitumia.

Nikampa simu dalali mmoja mzee. Akagusa mbuzi, akagusa kumi, akagusa "Nimeuza". Kioo kilichelewa kidogo kuitikia, naye akagusa tena. Mbuzi ishirini wakawa wameuzwa! Akaniangalia.

"Kijana, hapa nimekosea. Narudi vipi?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia, "Mzee, inabidi uangalie vizuri kabla ya kugusa." Akacheka, akanirudishia simu. "Sokoni mtu akikosea anasema amekosea, mambo yanaisha. Hii simu yako haina masikio?"

Naam, shahada yangu yote ya sayansi ya kompyuta ikaanguka hapo hapo kwenye vumbi la zizi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia historia ya kidole na kioo katika eneo hili letu, na kila nilipopita nimelikuta swali la mzee yule: narudi vipi? Twendeni pamoja, mtaona kwamba si swali la mbuzi peke yake.

Tuanze kabla ya vioo. Katika masoko ya mifugo ya Wasomali, huku kwenye Pembe ya Afrika, kuna utaratibu wa zamani wa kupatana bei kwa vidole. Mnunuzi na muuzaji, au dalali aliyesimama kati yao, wanashikana mikono chini ya kitambaa. Hakuna anayesema bei. Unashika kidole kimoja, viwili, au kiganja kizima, na mwenzako anajua umetaja kiasi gani. Kidole hicho hicho kinaweza kuwa mia au elfu. Wote wawili wanaelewa kwa sababu mnyama yuko mbele yao na bei za siku wanazijua. Waliosimama pembeni hawaambulii kitu.

Hebu litazame jambo hili kwa jicho la mtu anayebuni programu. Hapa pana njia ya kuingiza tarakimu kwa kugusa. Haihitaji kusoma wala kuandika. Inatunza siri. Na la muhimu kuliko yote, bei uliyoigusa haikufungi mpaka wote wawili mkubaliane. Ukikataa, mkono unaachiwa, mnaanza upya. Njia ya kurudi imo ndani ya mguso wenyewe.

Mfano wa pili ni wa Dadaab. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wakimbizi waliingia Kenya kwa wingi, zikajengwa kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera, katika wilaya ya Garissa ya wakati ule. Simu za mkononi hazikuwepo. Watu walizungumza kwa redio za mawasiliano ambazo Wasomali huziita taar, na pesa zilipita kwa hawala. Mtafiti Cindy Horst alilieleza jambo hili vizuri katika kitabu chake Transnational Nomads cha mwaka 2006. Mtu aliye Nairobi au ng'ambo anatoa pesa kwa wakala, wakala anapeleka habari, na wakala wa kambini anamlipa ndugu yake. Mtu anajulikana kwa jina lake, la baba yake, la babu yake, na ukoo. Neno la siri lilikuwa nasaba yako! Jina likikosewa, watu wanaitana tena redioni, wanaulizana, wanasahihisha. Polepole, ndiyo, lakini mashine yenyewe ilikuwa ni watu, na watu wana masikio.

Sasa tuvuke bahari kidogo, maana kioo chenyewe hakikuzaliwa hapa. Mwaka 1965 Mwingereza E. A. Johnson, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa rada huko Malvern, alichapisha makala juu ya skrini ya kugusa kwa kidole. Alikuwa akiwafikiria waongozaji wa ndege. Miaka ya 1970 maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ikatumia vioo vya kugusa kuendeshea mtambo wake mkubwa. Mwaka 1983 Hewlett-Packard wakauza kompyuta ya HP-150 yenye skrini ya kugusa, na mwaka 1994 IBM wakatoa simu ya Simon. Kwa miaka arobaini hivi, kioo cha kugusa kilikuwa kitu cha wataalamu na matajiri.

Halafu ukaja mwaka 2007. Tarehe 9 Januari Steve Jobs akapanda jukwaani San Francisco na kuonyesha iPhone. Dunia nzima ikashangaa kuona kidole kikisukuma orodha ya nyimbo. Miezi miwili baadaye, tarehe 6 Machi 2007, Safaricom wakazindua M-Pesa. Hakukuwa na cha kusukuma kwa kidole humo. Ilikuwa menyu ya maandishi iliyokaa ndani ya kadi ya simu, inayofanya kazi kwenye simu ya bei nafuu yenye tochi.

Sijui wewe mwenzangu, lakini mimi nikiulizwa ni kiolesura kipi cha mwaka 2007 kilichobadilisha maisha ya Kaskazini Mashariki, nitasema ni ile menyu. Na ina historia ya kufundisha. Majaribio yake yalianza Oktoba 2005, yakiongozwa na Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, na lengo la mwanzo lilikuwa watu walipe mikopo yao kwa simu. Wateja wa majaribio walikuwa chini ya 500. Wabunifu walipotazama, wakakuta watu wanatumiana pesa wao kwa wao. Basi wakapunguza mambo ya mikopo, wakaweka mbele kile ambacho watu wenyewe walikuwa wameshachagua: kutuma pesa nyumbani. Huku kwetu, watu waliokuwa wamezoea hawala hawakuhitaji kufundishwa maana ya wakala, maana walikuwa naye miaka mingi. Walihitaji kujifunza menyu tu.

Lakini menyu ile nayo iligonga ukuta wa mzee wangu. Tarakimu moja ukiikosea, pesa zinakwenda kwa mtu usiyemjua. Hawala aliuliza jina la babu yako. Simu iliuliza tarakimu kumi na namba ya siri, basi. Vilio vikawa vingi. Baadaye Safaricom wakaongeza huduma ya Hakikisha, ambapo jina la mpokeaji linatokea kwenye simu yako na unapewa sekunde chache za kusitisha. Pia wakaweka utaratibu wa kuupeleka ule ujumbe wa muamala kwenye namba 456 ili kuomba pesa zirudishwe, kama mpokeaji hajazitumia. Ukitafakari, ni nini hicho? Ni jina kurudi mahali pake, kama kwenye taar, na ni njia ya kurudi. Mashine iliota masikio madogo.

Usidhani ni sisi tu tuliosahau. Kompyuta ya Apple Lisa ya mwaka 1983 tayari ilikuwa na amri ya kufuta kitendo cha mwisho. Lakini iPhone ilipotoka, mtu akikosea wakati wa kuandika hakuwa na amri kama hiyo. Ilikuja mwaka 2009, na hata hapo ulitakiwa kuitikisa simu kama chupa ya dawa! Watu wenye akili nyingi na pesa nyingi walichukua miaka miwili kukumbuka kwamba binadamu hukosea.

Simu za kugusa zenyewe zilitufikia kwa wingi kuanzia mwaka 2011, Safaricom walipoleta Huawei IDEOS kwa bei ya chini ya shilingi 10,000. Kioo chake kilikuwa kidogo, lakini kwa vijana wengi wa Garissa na Wajir huo ndio ulikuwa mguso wa kwanza.

Kwa wazee na akina mama wa vijijini, hata hivyo, mguso wa kwanza haukuwa wa simu. Ulikuwa wa kuacha alama ya kidole.

Mwaka 2009 mpango wa serikali na wafadhili unaojulikana kama Hunger Safety Net Programme ulianza kulipa fedha kwa familia maskini katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Walishirikiana na benki ya Equity. Mlipaji hakuwa tawi la benki, alikuwa mwenye duka wa kijijini aliyepewa kimashine. Mama anafika na kadi yake, anaweka kidole, mashine inalinganisha na alama iliyohifadhiwa, analipwa. Hakuna namba ya siri ya kukumbuka. Hakuna fomu. Nikitazama kama mbunifu, ni kazi nzuri: imeanzia kwenye duka ambalo mama analijua na kidole ambacho hawezi kukisahau nyumbani. Tatizo lililobaki ni kwamba vidole huchakaa. Mikono iliyochota maji na kukata kuni kwa miaka sitini mara nyingine haina mistari ya kutosha kusomwa, na hapo urahisi wote unamtegemea yule binadamu anayesimama nyuma ya mashine.

Kisha Oktoba 2013, kule Dadaab na Kakuma, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya wakimbizi yakaanza kuhakiki alama za vidole kwenye vituo vya kugawia chakula. Lengo lilikuwa kuzuia mtu mmoja asichukue posho mara mbili. Kuandikishwa kwa alama za vidole kwenyewe kulikuwa kumeanza kabla ya hapo. Sasa ndugu msomaji, hapa naomba utulie, maana hapa ndipo swali la mzee linapoacha kuwa la mbuzi.

Kambi za Dadaab ziko katikati ya watu. Wenyeji wa Fafi, Lagdera na Dadaab yenyewe ni Wakenya, na wengi wao ni Wasomali kama wakimbizi wenyewe. Ukame ulipokuja na mifugo ikafa, kambini kulikuwa na chakula, zahanati na shule. Nje ya kambi hakukuwa na kitu. Wazazi Wakenya wakafanya ambalo mzazi yeyote angefanya: wakaandikisha watoto wao kama wakimbizi. Weka kidole hapa. Haya, mwingine. Skrini ikakubali. Ilikuwa rahisi, dakika chache tu.

Mtoto akakua, akatimiza miaka 18, akaenda kuomba kitambulisho cha taifa. Anaweka kidole tena. Alama zake zinalinganishwa na hifadhidata ya wakimbizi, na jibu linatoka: huyu ni mkimbizi. Hapewi kitambulisho. Anaeleza kwamba baba yake ni Mkenya, babu yake ni Mkenya, chifu anamjua. Skrini haina mahali pa kuandika hayo. Narudi vipi?

Hawa wanaitwa watu wa usajili maradufu, na idadi yao ni maelfu kwa maelfu. Bila kitambulisho Kenya huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako. Bila laini huna M-Pesa. Huwezi kufungua akaunti ya benki, huwezi kuajiriwa rasmi, huwezi kupiga kura, na kupita kizuizi cha barabarani ni bahati. Yaani kila programu ninayoweza kuandika mimi, hata iwe nyepesi namna gani, imeshafungwa kwa mtu huyu kabla hajaigusa. Shirika la Haki na Sheria, lililoko hapa Garissa, limepigania kesi za watu hawa kwa miaka. Serikali imewahi kuwahakiki baadhi yao ili iwaondoe kwenye orodha ya wakimbizi, lakini kati ya kuhakikiwa na kufutwa kulikuwa na miaka ya kungoja.

Na jambo hili liliota juu ya kidonda cha zamani. Mwaka 1989 serikali iliwachuja Wakenya wenye asili ya Kisomali, ikawapa kadi za rangi ya waridi za kuthibitisha uraia, kitu ambacho Wakenya wengine hawakutakiwa kuwa nacho. Kwa miaka mingi baadaye kijana wa hapa alilazimika kupita mbele ya kamati ya wazee na maafisa ili apate kitambulisho. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza mwisho wa uchujaji huo maalumu kwa kaunti za mpakani. Lakini tangazo halifuti alama ya kidole iliyoko kwenye hifadhidata. Hiyo inafutwa na mtu mwenye ruhusa ya kuifuta, kupitia programu iliyoandikwa ikiwa na uwezo wa kuifuta.

Ndiyo maana sikubaliani tena na kile nilichofundishwa, kwamba kiolesura rahisi ni kile chenye vitufe vichache. Kiolesura cha kuandikisha wakimbizi kilikuwa na kitufe kimoja, na kitufe chenyewe kilikuwa kidole chako. Huwezi kupata kirahisi kuliko hicho. Kilichokosekana ni urahisi wa kutoka. Tukiupima urahisi wa mlango, tunapima kuingia na kutoka, ama sivyo huo si mlango, ni mtego.

Kwa hiyo, kwa vijana wenzangu mnaoandika programu za kugusa kwa watu wa huku, haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, usiandike "Una hakika?" ukadhani umemaliza. Mtu huzoea swali hilo, akaligusa bila kulisoma. Acha kitendo kifanyike, kisha mpe muda wa kukirudisha, kama Hakikisha na sekunde zake.

Pili, onyesha matokeo kwa kitu anachokitambua: jina, sauti, picha ya mnyama na idadi. Namba tupu ya muamala haimwambii mtu lolote. Na picha nazo zijaribiwe na watu wenyewe. Mtoto aliyesoma duksi, yaani madrasa, amezoea mstari unaoanzia kulia. Mshale wako wa "nyuma" unaoelekea kushoto unaweza kumaanisha "mbele" kwake. Muulize.

Tatu, vitufe viwe na upana wa kidole halisi. Miongozo ya Android inasema vipimo 48, ambavyo ni kama milimita 9. Hapo mkono haujashika fimbo ya kuchungia, na kioo hakijajaa vumbi. Mimi naongeza.

Nne, kioo kikichelewa, kiseme kwamba kimesikia. Mtandao huku hukatika, na minara ya simu imewahi kulipuliwa na al-Shabaab mara nyingi. Mtu asiyejua kama amesikika atagusa tena, kama mzee wangu alivyofanya. Basi hifadhi kwenye simu kwanza, tuma baadaye, na mguso wa pili usihesabiwe kama biashara ya pili.

Tano, na hili ni zito: ukiandika mfumo wa kusajili watu, andika njia ya kumfuta mtu siku ile ile unayoandika njia ya kumwingiza. Usiseme itakuja toleo lijalo. Toleo lijalo linaweza kuchelewa mpaka mtoto awe mtu mzima.

Jambo moja limenifurahisha katika kuandika haya. Lugha yetu ya Kiswahili inalijua jambo hili tangu zamani. Tunafunga na kufungua, tunakunja na kukunjua, tunatega na kutegua, tunaziba na kuzibua. Kila tendo limepewa mwenzake wa kulirudisha, kwa silabi moja tu. Wafasiri wa programu walipotafuta neno la kuandika kwenye kitufe cha kurudisha kitendo, walilikuta linawasubiri: kutenda, kutendua. Ukiiweka simu yako kwa Kiswahili utaliona, "Tendua". Sisi wazungumzaji wa lugha hii hatuna kisingizio cha kusahau.

Nilirudi sokoni. Sasa ukigusa "Nimeuza", chini ya kioo kinatokea kipande kipana chenye maneno "Nimekosea, rudisha", na kinabaki pale mpaka ufanye jambo jingine. Mzee akajaribu. Akauza mbuzi kumi, akawarudisha, akawauza, akawarudisha, mara nne hivi, akicheka kama mtoto.

Kisha akanyamaza, akaniuliza kama naweza kuandika na ile ya kitambulisho, kwa ajili ya mtoto wa dada yake.

Nikamwambia, "Mzee, hiyo haiko mkononi mwangu." Akatikisa kichwa. Alikuwa ameshasikia jibu hilo mara nyingi, na kutoka kwa watu wakubwa kuliko mimi.

Haya, tuonane wiki ijayo.